Gofu ya Chumba Chembamba

Katika gemu zote zinazochezwa kwa kupunga rimoti mbele ya televisheni, gofu ndiyo inayozifaa nyumba za pwani yetu, tangu Kismayo na Visiwa vya Bajuni hadi Lamu. Najua wako watakaoguna. Watasema gofu ni mchezo wa nyasi zilizokatwa na watu wenye nafasi, na kwamba kutoka Kismayo hadi Ras Kamboni hakuna hata shimo moja lililochimbwa kwa ajili yake. Ni kweli. Uwanja wa karibu ambao wengi wetu tumeuona kwa macho ni wa Mombasa Golf Club, ule wenye mashimo 9 kando ya bahari, ukipita Mama Ngina kuelekea feri ya Likoni, na wengi tumeuona kutoka upande wa barabara. Lakini mimi nasema juu ya gofu ya sebuleni, na huko hesabu ni nyingine kabisa.

Angalia upana wa chumba. Nyumba za mawe za zamani za pwani hii ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti haibebi dari zito kwa upana wowote unaoutaka. Ndiyo maana vyumba vingi vilijengwa virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3. Hata waliojenga kwa matofali na mabati baadaye wengi walifuata vipimo vile vile. Ukicheza tenisi ya televisheni ndani ya chumba hicho, unaielekea skrini na mkono unakwenda kulia na kushoto, yaani ukutani. Ngumi ni hatari zaidi, kwa sababu watu wawili hucheza kwa pamoja. Mcheza gofu husimama ubavu: bega la kushoto linaelekea televisheni, uso unaelekea ukuta, na mkono unarudi nyuma kisha unakwenda mbele kwa kufuata urefu wa chumba. Ukiweka televisheni kwenye ukuta mfupi wa mwisho, chumba chembamba kinakutosha.

Zaidi ya hapo, gofu huchezwa kwa zamu. Anapiga mmoja, wengine wanakaa, wanakunywa kahawa na kumkosoa. Rimoti moja inawatosha watu wanne. Adhana ikilia, gemu inasubiri mlipoiacha. Na nyanya ambaye hawezi kurukaruka anaweza kumshinda mjukuu wake, jambo ambalo nimeliona na ambalo mjukuu hakulifurahia hata kidogo.

Sasa, mashine gani? Nyingi zinazofika kwetu ni za mitumba. Huletwa na jamaa walio Uingereza na kwingineko Ulaya, au hupitia kwa wafanyabiashara wa Dubai. Itakayokufikia kwa bei ya chini kuliko zote ni Wii ya kampuni ya Nintendo. Ilianza kuuzwa Novemba 2006, na katika nchi nyingi nje ya Japani iliuzwa pamoja na diski ya Wii Sports ambayo ndani yake kuna gofu. Zaidi ya mashine milioni 100 ziliuzwa, ndiyo maana mpaka leo zimejaa kwenye mabohari ya watu. Gofu yake ina mashimo 9, na fimbo ni nne tu: ya kupiga mbali, ya chuma, ya kunyanyua mpira na ya kusukumia shimoni. Mashimo yenyewe yalichukuliwa kutoka gemu ya gofu ya Nintendo ya mwaka 1984, ambayo programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, yule aliyekuja kuwa rais wa kampuni hiyo. Picha si nzuri kwa macho ya leo, miti inafanana na ya kuchorwa na mtoto, lakini kwa kuanzia sijaona bora kuliko hiyo.

Ukipata ya namna hiyo na ukapenda zaidi, tafuta diski ya Wii Sports Resort ya mwaka 2009, yenye mashimo 21. Hii haichezeki kwa rimoti ya zamani peke yake. Inataka kijisanduku kinachoitwa MotionPlus kichomekwe chini ya rimoti, au rimoti mpya iliyojengewa humo ndani. Muuzaji akikuambia “itacheza tu,” mwambie aiwashe mbele yako.

Mwenye uwezo zaidi atazame Nintendo Switch, ya mwaka 2017, na mimi kwa mtu wa kisiwani ningesema ajikaze aipate hii. Ina skrini na betri yake yenyewe. Unaisimamisha juu ya meza, unachomoa rimoti zake ndogo za pembeni, unacheza bila televisheni na bila umeme wa ukutani. Ila jihadhari na mambo mawili. Kuna aina inayoitwa Switch Lite ambayo rimoti zake hazichomoki. Hiyo kwa gofu ya kupunga mkono haina maana, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. La pili, gemu ya Nintendo Switch Sports ilitoka Aprili 2022 bila gofu. Gofu iliongezwa Novemba mwaka huo kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo ukinunua kikadi chake halafu ukaenda nacho kisiwani Chovai au Koyama mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, utakuta tenisi, mpira na mingineyo, bila gofu. Ipakue ungali mjini, uifungue uone mashimo kwa macho yako, ndipo upande mashua. Anayetaka kukwepa hayo achukue Mario Golf: Super Rush ya mwaka 2021, ambayo nayo inakubali kupigwa kwa mkono.

Ile Kinect ya Xbox, isiyotumia rimoti bali kamera inayokutazama mwili mzima, sikushauri. Inataka usimame mbali nayo kama mita 2 na mwanga uwe wa kutosha, na kila mtoto akikatiza mbele yake, huihesabu miguu ya mtoto huyo kuwa yako.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Kabla hujachomeka kitu chochote kilichotoka ng’ambo, geuza adapta usome maandishi madogo mgongoni. Wii iliyouzwa Marekani ina adapta ya volti 120, na ya Japani ni volti 100. Umeme wetu ni volti 220 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mdogo na kunusa harufu, basi, habari imekwisha. Unahitaji adapta ya Ulaya, au uipitishe kwenye transfoma ya kupunguza. Ya Switch haina shida hiyo, imeandikwa 100 hadi 240. Na diski za Wii zina mipaka: ya Marekani haisomi kwenye mashine ya Ulaya. Chukua mashine na diski kutoka nchi moja.

Kwa wanaotegemea sola hesabu si ngumu. Wii inakula chini ya wati 20. Televisheni ndogo ya LED ya inchi 32 huwa kati ya wati 30 na 60. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta, useme wati 100 kwa jumla. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo una wati-saa 600, nazo ni kama saa 6 za kucheza, ikiwa hakuna friji wala taa nyingine inayokula pamoja nawe. Betri ya Ah 50 inakupa saa 3. Mchezo wa jioni moja unatosha humo na simu zikabakiwa na chaji.

Utakutana na fundi atakayekuambia kwamba kwa kuwa adapta ya Wii hutoa volti 12, na betri ni ya volti 12, mnaweza kuunganisha waya moja kwa moja mkaokoa inveta. Wazo si la kijinga, ila betri inayochajiwa na paneli saa sita mchana hupanda hadi volti 14 na zaidi. Kama hana kifaa cha kuituliza hiyo volti, mkatalie kwa heshima. Wenye jenereta nao wafuate utaratibu huu: jenereta iwashwe kwanza, mlio wake utulie, ndipo mashine iwashwe, na wakati wa kuzima, mashine itangulie. Kama mnauziwa umeme wa mtaa unaokatika saa za kujulikana, maliza mzunguko wako mapema, maana ukikatikiwa kwenye shimo la nane hakuna kilichohifadhiwa.

Switch peke yake, bila televisheni, inaweza kuchajiwa hata na pawabanki ya simu, japo polepole. Toleo la kwanza hukaa kati ya saa 2.5 na 6.5 kulingana na gemu. Lililorekebishwa mwaka 2019 hufika saa 4.5 hadi 9. Skrini yake ni ndogo, kwa hiyo usiiweke sakafuni kama wanavyofanya watoto. Iweke juu ya meza au kabati ifike usawa wa kifua, usije ukapinda shingo kila unapotazama mpira ulikoangukia.

Chumba kimeshapimwa upana, bado urefu wa juu. Simama mahali utakapochezea, shika rimoti, nyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa taratibu. Ukigusa boriti, taa au pangaboi, sogea. Pangaboi lizimwe hata kama joto ni kali, kwa sababu mtu akishapandwa na mori hakumbuki lilipo. Kwenye nyumba za makuti simama katikati, chini ya mgongo wa paa, si pembeni kwenye ukingo. Kisha viatu vitoke, na usisimame juu ya mkeka. Mkeka juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa huteleza pale pale unapozungusha kiuno, na miguu ikitangulia mbele hakuna wa kukudaka. Uvute mkeka nyuma, ukingo wake uwe ndiyo mpaka: wanaotazama wakae juu yake, na mtoto asivuke ukingo mpaka mpigaji ateremshe rimoti. Mwenye kikoi akifunge vizuri kabla ya zamu yake, sielezi zaidi.

Kamba ya rimoti ivaliwe kifundoni kila mara. Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya Wii kutoka, Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba milioni 3.2 kwa sababu watu walikuwa wakirusha rimoti zikapasua televisheni. Kwetu sababu zimezidi: joto, jasho, na mikono iliyotoka kula samaki wa kukaanga. Nawa, kausha, vaa kamba. Ukiona kamba imechakaa, shona nyingine. Mafundi wa nyavu hawakosekani.

Ndani ya rimoti ya Wii mna kidude kinachopima mabadiliko ya mwendo. Hakijui mkono wako uko wapi chumbani, kinajua tu umechapuka kwa kiasi gani. Kwa hiyo nguvu nyingi hazina faida. Pembeni mwa skrini kuna mstari wa nguvu. Ukipunga kupita kiasi, mpira unapinda, unaishia majini. Vijana huchelewa kulielewa hili. Wanapiga kama wanapasua kuni, halafu wanailaumu mashine. Aliyewahi kutupa kimia anaelewa haraka kuliko wote: nguvu inaanzia kwenye miguu na kiuno, mkono unafuata, na wavu unafunguka wenyewe. Piga hivyo. Rudisha rimoti nyuma taratibu, itulize kidogo, iteremshe kwa mwendo mmoja usiokatika.

Usibonyeze kitufe cha A mpaka uwe tayari. Bila kukibonyeza unaweza kupunga kadiri upendavyo, mstari wa nguvu utakuonyesha ulipofika, na mpira hautikisiki. Hili ndilo darasa lenyewe, na watu wengi hulipita. Chagua nusu ya nguvu, ujaribu kuifikia mara kadhaa mfululizo kabla ya kupiga kweli. Atakayeweza kuirudia nusu ile ile atawashinda wote wanaojua kupiga mbali.

Mkwaju wa kusukumia mpira shimoni ndio mgumu zaidi kwa rimoti ya zamani. Ukisogeza polepole mno haisomi chochote, ukistuka kidogo mpira unapita shimo na kuteremka upande wa pili. Kaza kifundo cha mkono, acha bega lifanye kazi, na anzia na rimoti ikiwa imerudi nyuma shubiri moja tu. Rimoti zenye MotionPlus na zile za Switch zinasoma vizuri zaidi, ila nazo hupotea mwelekeo zikichezewa muda mrefu; zilaze juu ya meza zitulie kidogo, zitajirekebisha. Mwenye mashoto aiambie mashine mwanzoni, na asimame kinyume, bega la kulia mbele. Msimlazimishe kupiga kwa mkono asioutaka.

Upepo ndio unaowatoa watu wa bara jasho. Kwenye skrini kuna mshale na namba. Anayekulia kisiwani Chula au Ngumi hahitaji kufundishwa maana yake, kwa vile tangu utotoni ameambiwa asitoke bila kuuangalia kusi unavyovuma. Kosa la wageni ni kulenga shimo moja kwa moja kisha kushangaa mpira umehama. Lenga upande wa joshi, upepo uulete mpira ndani. Vitufe vya kushoto na kulia vinageuza shabaha. Vya juu na chini vinabadilisha fimbo. Upepo ukiwa mkali na unakupinga, chukua fimbo ya mbali zaidi kuliko unavyodhani unahitaji. Na mpira ukishafika kwenye nyasi fupi za shimo, sahau upepo, tazama mteremko.

Msimu mzuri wa kucheza ni huo huo wa kusi, pale bahari inapochafuka na vyombo vikalala pwani. Lakini ndipo pia chumvi inapoingia ndani ya kila kitu. Rimoti ya Wii hutumia betri mbili za AA. Zitoe usiku unapomaliza, kwa sababu kutu huanzia kwenye vile vyuma vya kushikia betri. Kutu ikishaonekana, isugue kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, usitumie maji. Mashine ifunikwe kwa kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa, iwekwe mbali na dirisha la baharini, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya msivitupe, vitieni kwenye mfuko wa rimoti. Diski zishikwe ukingoni. Mchanga wa kidole kimoja unatosha kuikwaruza.

Ile fimbo nyembamba ya Wii inayokaa juu ya televisheni watu wengi huiita kamera. Si kamera. Hutoa tu mwanga usioonekana ambao rimoti huutazama ili ijue imeelekezwa wapi. Waya wake ukikatika, mishumaa miwili iliyowekwa kama sentimita 20 kutoka mmoja hadi mwingine hufanya kazi ile ile, nimeona. Ila kwenye nyumba ya makuti, au palipo na pazia karibu, usithubutu. Vumilia mpaka upate nyingine. Katika gofu unaihitaji kuchagulia menyu tu. Jua la alasiri likiingia moja kwa moja huivuruga, basi teremsha pazia.

Mwili nao usidharauliwe. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Hispania, Julio Bonis, aliliandikia jarida la tiba la New England kueleza jinsi alivyoamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii saa nyingi. Alikuwa kijana wa miaka 29. Gofu ni ya upole zaidi, lakini aliyeshinda akivuta jarifa bega lake limeshafanya kazi ya siku. Acheze mashimo matatu, yaliyobaki ampe mwingine. Wazee wenye maumivu ya mgongo wapige wakiwa wameketi kwenye ukingo wa kiti. Mashine haijui kama umekaa.

Bado kuna suala la hesabu, na hapa ndipo ugomvi hutokea. Kila shimo lina idadi ya mikwaju iliyowekwa, tatu, nne au tano, na mshindi ni mwenye mikwaju michache mwishoni. Mkicheza wote sawa, aliyezoea atashinda kila usiku na wengine watachoka wakamwachia rimoti yake. Gofu ya kweli ina dawa yake ya zamani: asiye hodari hupunguziwa. Chezeni mashimo yote 9 jioni moja, muandike. Kijana akimaliza kwa mikwaju 38 na mama yake kwa 50, tofauti ni 12. Kesho yake mama apunguziwe mikwaju 12 tangu mwanzo, na waanze wote wakiwa sawa. Kila wiki mpunguze au muongeze kulingana na alivyocheza mara ya mwisho. Andikeni kwenye daftari, si kichwani, na daftari likae kwa mtu ambaye hachezi. Pesa zisiwekwe, hiyo ni kamari, na itaufunga mchezo nyumbani kwenu kwa haki. Atakayeshika mkia aoshe vikombe vya kahawa.